Amri ya Mara Moja: Jinsi ya Kuiachia Kompyuta Kazi ya Usiku

Ziko kazi za kompyuta zinazotaka utulivu. Nakala ya kumbukumbu za zahanati haifai kuchukuliwa wakati karani bado anaandikisha wagonjwa. Seva ya shule haifai kuzimwa na kuwashwa upya walimu wakiwa katikati ya kuingiza alama. Faili kubwa la kusasisha mfumo halifai kupakuliwa mchana, ofisi nzima ikigombania laini moja ya intaneti, ilhali bando la usiku lipo na ni nafuu. Kazi hizi zote zina saa yake, na mara nyingi saa hiyo wewe unatakiwa uwe umelala.

Mafundi wengi hukimbilia njia tatu. Wa kwanza hukesha, akabonyeza kitufe saa nane usiku na kuja kazini asubuhi macho mazito. Wa pili huandika amri ya sleep mbele ya kazi yake, akaiacha kompyuta wazi na kwenda zake. Wa tatu huandika mstari ndani ya cron, programu ya ratiba za kazi zinazojirudia, akinuia kuja kuufuta baadaye. Njia zote tatu zina madhara, na madhara hayo yanaepukika kabisa.

Ushauri wangu ni huu, na mengine yote yanatokana nao: kazi ya mara moja ipewe chombo cha mara moja, na iandikwe kwa namna ambayo itajisimamia yenyewe hata usipopatikana. Nitazungumzia zaidi Linux, kwa kuwa seva nyingi unazoweza kukabidhiwa zinaendeshwa nayo, kisha nitagusa Windows na macOS.

Kwa nini si sleep, kwa nini si cron

Amri ya sleep inaishi ndani ya dirisha la terminali ulilolifungua. Ukilifunga, kazi inakufa nalo. Ukiwa umeingia kwenye seva kwa SSH na mawasiliano yakakatika, matokeo ni hayo hayo. Ukiwa kwenye kompyuta mpakato na ikalala, hesabu ya sleep husimama, kisha huendelea ilipoishia mashine inapoamka. Kazi uliyoitarajia saa nane usiku inaweza kukukuta asubuhi ukiwa na wateja mezani.

Cron hatari yake ni nyingine, na ni kubwa zaidi kwa sababu haionekani siku ile ile. Tazama mstari huu:

0 2 15 3 * rm -rf /srv/muda/mitihani

Aliyeuandika alitaka folda ya muda ifutwe tarehe 15 Machi, saa nane usiku. Itafutwa kweli. Lakini ratiba ya cron ina sehemu tano: dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi na siku ya wiki. Mwaka haumo. Mstari huo utaamka tena tarehe 15 Machi ya mwaka unaofuata, na wa baada yake, hata kama folda yenye jina hilo sasa ina mitihani halisi na aliyeuandika ameshahama kazi. Cron ni chombo kizuri sana kwa kazi inayojirudia. Kwa kazi ya mara moja ni mtego unaomsubiri mwenzako.

Chombo chenyewe: at

Amri inayofaa inaitwa at. Imekuwapo tangu toleo la saba la Unix, mwaka 1979, na ile inayotumika kwenye Linux iliandikwa kwa sehemu kubwa na Thomas Koenig. Inafanya kazi kwa ushirikiano wa pande mbili: at inapokea maagizo yako na kuyaweka kwenye foleni, na programu nyingine iitwayo atd inakaa nyuma ya pazia ikiitazama foleni hiyo na kutekeleza kila kazi saa yake inapofika. Kazi ikishatekelezwa huondoka kwenye foleni. Hakuna cha kuja kufuta.

Mifumo mingi ya siku hizi haiji nayo, kwa hiyo anza kwa kuiweka. Kwenye Debian na Ubuntu:

sudo apt install at
sudo systemctl enable --now atd

Kwenye Fedora tumia dnf badala ya apt. Mstari wa pili usiuruke. Ukiwa na at bila atd inayofanya kazi, kazi zako zitapokelewa vizuri na kukaa kwenye foleni bila kuguswa.

Sasa ijaribu kwa kazi isiyo na madhara, ukiweka jina lako la mtumiaji mahali pa asha:

echo 'date > /home/asha/jaribio.txt' | at now + 2 minutes

Subiri dakika mbili, kisha fungua faili hilo. Ukikuta tarehe na saa ndani yake, mambo yako sawa. Usiikabidhi at kazi yoyote ya maana kabla jaribio hili halijafaulu kwenye mashine ile ile utakayoitumia.

Kazi yenye amri kadhaa unaweza kuiandika kwa kuanza na at 02:00, ukaandika amri moja moja kila mstari, kisha ukabonyeza Ctrl pamoja na D kumaliza. Saa uliyoitaja ikiwa imeshapita leo, at huelewa kuwa unamaanisha kesho. Unaweza pia kutaja tarehe kamili:

at 02:00 2026-03-15

Ukitaja siku iliyokwisha kupita, itakataa. Na nakusihi uandike tarehe kwa mpangilio huo wa mwaka, mwezi na siku. Tarehe yenye mistari ya mshazari at huisoma kwa mtindo wa Marekani, mwezi ukitangulia. Ukiandika 04/03/26 ukiwa na maana ya tarehe 4 Machi, kazi itasubiri hadi tarehe 3 Aprili.

Saa ya kompyuta na saa yetu

Hapa ndipo msomaji wa Kiswahili anapaswa kutulia kuliko mwingine yeyote. Sisi tunaanza kuhesabu saa jua linapochomoza na tunaanza upya linapozama. Kompyuta inahesabu kuanzia usiku wa manane, bila kukatisha, hadi 23:59. Aliyezoea hubadilisha kichwani bila kufikiri mchana, lakini saa tano usiku, akiwa amechoka, ndipo anapoandika 08:00 akimaanisha saa nane. Shika kanuni hizi tatu, na ikibidi zibandike ukutani:

Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ongeza 6. Saa tatu asubuhi ni 09:00, saa nane mchana ni 14:00, saa kumi na mbili jioni ni 18:00.

Kuanzia saa moja usiku hadi saa tano usiku, ongeza 18. Saa mbili usiku ni 20:00, saa tano usiku ni 23:00.

Kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri, toa 6. Saa sita usiku ni 00:00, saa nane usiku ni 02:00, saa kumi na moja alfajiri ni 05:00.

Jambo la pili ni siku yenyewe. Mkuu wa ofisi akikuagiza, "Izime seva Jumamosi usiku, saa nane," anamaanisha usiku wa kuamkia Jumapili. Kompyuta hubadili tarehe saa sita usiku, kwa hiyo kwake saa hiyo ni Jumapili tayari. Ukiandika tarehe ya Jumamosi pamoja na 02:00, utakuwa umeizima seva saa ishirini na nne kabla ya wakati. Unapopokea agizo la usiku, uliza usiku wa kuamkia siku gani, na uandike tarehe ya siku hiyo inayoamkiwa.

Jambo la tatu ni mahali ilipo saa ya mashine. Seva nyingi za kukodi huja zikiwa zimewekwa kwenye saa za kimataifa, UTC. Tanzania, Kenya na Uganda ziko mbele kwa saa 3. Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo ziko mbele kwa saa 2, na Oman kwa saa 4. Fundi wa Dar es Salaam akiandika at 02:00 kwenye seva ya namna hiyo, kazi itaanza saa kumi na moja alfajiri kwake, watu wakiwa wanaamka. Kabla ya kupanga chochote, andika date na timedatectl uone mashine inaamini ni saa ngapi na iko ukanda gani. Ikiwa seva ni yako peke yako na unataka ifuate saa za kwenu, amri ni hii:

sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam

Ikiwa seva ni ya watu wengi, usibadilishe. Fanya hesabu, au tumia mtindo wa kuhesabu kuanzia sasa, kama at now + 6 hours, ambao haujali ukanda wowote.

Kwa ndugu zetu walioko Ulaya na Amerika Kaskazini kuna tahadhari ya ziada. Saa husogezwa mbele kila Machi, kisha hurudishwa nyuma Oktoba huko Ulaya na Novemba huko Marekani. Usiku huo, kipindi cha kati ya saa saba na saa kumi usiku ndicho kinachoguswa: saa moja nzima inaweza kutokuwepo au kutokea mara mbili. Usipange kazi yoyote ndani ya kipindi hicho usiku huo. Afrika Mashariki haisogezi saa, na hiyo ni nafuu kwetu.

Andika kama mtu ambaye hatakuwepo

Amri unayoiandika ukiwa mbele ya kibodi inakutegemea zaidi ya unavyodhani. Ikiuliza swali, unajibu. Ikitaka nywila, unaiandika. Ikishindwa, unaona. Saa nane usiku hakuna wa kujibu, kwa hiyo matatizo hayo yamalizwe kabla.

Kwanza, ondoa maswali. Amri kama apt inayouliza kama uendelee ipewe -y. Usiweke sudo ndani ya kazi, kwa sababu itaomba nywila na hakuna terminali ya kuiandikia. Kama kazi inahitaji mamlaka ya root, ipange kwa mamlaka hayo tangu mwanzo:

echo '/usr/sbin/reboot' | sudo at 02:00

Pili, andika njia kamili ya kila faili na folda. Ni kweli at hukumbuka folda uliyokuwemo ulipopanga kazi na mazingira mengi ya terminali yako, tofauti na cron. Lakini anayeisoma kazi hiyo baadaye hajui ulikuwa wapi. Njia kamili inamweleza.

Tatu, fahamu kuwa kazi hutekelezwa na shell iitwayo sh. Ukitumia mambo yanayojulikana na bash peke yake, zitatokea hitilafu usizozielewa. Kuna amri ya at -f inayosoma maagizo kutoka kwenye faili, lakini angalia mambo mawili: faili hilo nalo litasomwa na sh hata kama mstari wake wa kwanza unataja bash, na kinachowekwa kwenye foleni ni nakala ya faili kama lilivyo wakati ule. Ukilirekebisha jioni, kazi ya usiku itatumia maandishi ya zamani. Mimi hupendelea kuliita faili kwa jina ndani ya amri:

echo 'bash /home/asha/kazi/nakala.sh' | at 02:00

Kwa njia hii bash ndiyo itakayofanya kazi, na marekebisho yoyote yaliyofanywa kabla ya saa kufika yatahesabiwa. Ukitaka kinyume chake, yaani kazi isibadilike hata mtu akigusa faili, basi -f ndiyo yako. Chagua ukijua unachochagua.

Nne, acha ushahidi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kazi ya usiku bila kumbukumbu ni hivyo hivyo. Kwa kawaida at hutuma matokeo ya kazi kwa barua ya ndani ya mfumo, lakini kwenye mashine nyingi huduma ya barua haikuwekwa, na matokeo hupotea. Yaelekeze mwenyewe kwenye faili, pamoja na makosa:

tar -czf /srv/nakala/shule.tar.gz /srv/shule > /home/asha/nakala.log 2>&1 && echo IMEFAULU >> /home/asha/nakala.log || echo IMESHINDWA >> /home/asha/nakala.log

Ile sehemu ya 2>&1 ndiyo inayoyaleta makosa kwenye faili hilo hilo. Ukiisahau, makosa hayataingia humo, na hutajua kwa nini kazi ilishindwa. Na lile neno la mwisho, IMEFAULU au IMESHINDWA, linakupa jibu kwa kutupia jicho mara moja tu asubuhi.

Tano, hakikisha vitu vitakuwepo. Diski ya nje itakuwa imechomekwa? Nafasi inatosha? Angalia kwa df -h. Kama ni kupakua faili kwa bando la usiku, tumia wget -c, ili mawasiliano yakikatika, utakapoirudia kazi iendelee pale ilipoishia badala ya kuanza upya na kula bando mara mbili.

Kagua foleni kabla ya kuondoka

Ukishapanga kazi, at hukujibu kwa namba ya kazi na saa itakayotekelezwa. Soma jibu hilo. Hapo ndipo utaona kuwa 02:00 yako imeangukia siku nyingine.

Amri tatu zinatosha kusimamia foleni. Amri ya atq inaorodhesha kazi zinazosubiri. Amri ya at -c ikifuatwa na namba inaonyesha kazi nzima kama itakavyotekelezwa: juu utaona mistari mingi ya mazingira, na amri zako ziko mwishoni kabisa. Amri ya atrm ikifuatwa na namba inaifuta kazi.

atq
at -c 7
atrm 7

Hiyo mistari ya mazingira si ya kupuuzwa. Kama uliwahi kuweka nywila kwenye kigezo cha mazingira ndani ya terminali ile, nayo imenakiliwa ndani ya kazi. Panga kazi kutoka kwenye terminali safi.

Mtumiaji wa kawaida huona kazi zake tu, lakini root huona za wote. Kwa hiyo ukikabidhiwa seva na mtu anayeondoka, sudo atq iwe miongoni mwa amri zako za kwanza. Mtu anaweza kuondoka, kazi zake zikabaki kwenye foleni zikisubiri saa yake. Na kama hutaki kila mtumiaji apange kazi, tengeneza faili la /etc/at.allow na uandike majina ya wanaoruhusiwa, kila jina kwenye mstari wake. Faili hilo likiwepo, asiyetajwa ndani yake hana ruhusa, isipokuwa root.

Umeme ukikatika

Sote tunajua kuwa saa nane usiku umeme unaweza usiwepo. Kinachotokea hutegemea chombo ulichotumia, na inakupasa ujue kabla.

Kazi za at huandikwa kwenye diski, kwa hiyo hazipotei mashine ikizimika. Umeme ukirudi na atd ikaamka, ikikuta kazi ambayo saa yake imepita, huitekeleza papo hapo. Kwa nakala rudufu hiyo inaweza kuwa neema. Kwa amri ya kuwasha upya seva ni balaa: umeme umerudi saa tatu asubuhi, watu wameanza kazi, na seva inajizima tena mbele yao.

Dawa yake ni kuiwekea kazi ulinzi wa saa. Weka mstari huu mwanzoni mwa kazi yako ya baada ya saa sita usiku:

[ "$(date +%H)" -lt 5 ] || exit 1

Maana yake ni kwamba kama sasa ni 05:00 au zaidi, acha, usifanye chochote. Kazi ya usiku itafanyika usiku au haitafanyika kabisa. Jiulize kwa kila kazi: ikichelewa kwa saa sita, bado naitaka? Jibu likiwa hapana, mstari huo si wa hiari.

Kumbuka pia kuwa at haiamshi mashine iliyolala. Kompyuta mpakato inayojilaza baada ya dakika chache haitatekeleza kitu hadi uifungue. Zima kujilaza kwa usiku huo, na iache kwenye chaja.

Kamba ya kujiokoa

Matumizi ya at ninayoyathamini kuliko yote ni kujilinda na mabadiliko ya hatari kwenye seva iliyo mbali. Unabadilisha kanuni za usalama wa mtandao kwa iptables, unakosea mstari mmoja, na seva inakufungia mlango wewe mwenyewe. Kama seva iko mji mwingine, safari imekuangukia. Kinga yake ni kupanga kurudishwa kwa hali ya zamani kabla ya kugusa chochote. Ukiwa root:

iptables-save > /root/kanuni-za-awali
echo '/usr/sbin/iptables-restore < /root/kanuni-za-awali' | at now + 10 minutes
atq

Ukishaiona kazi kwenye foleni, ndipo ubadilishe kanuni. Kisha usijaribu kwa dirisha ulilo nalo, kwa sababu muunganisho uliokwisha kufunguliwa unaweza kuendelea hata kama mpya umezuiwa. Fungua dirisha jipya na uingie upya kwa SSH. Ukiingia, ifute kazi kwa atrm na mabadiliko yako yabaki. Usipoweza kuingia, tulia. Dakika kumi zikipita seva itajirudisha yenyewe na mlango utafunguka.

Hakikisha tu kwamba iptables-restore iko kwenye njia hiyo kwa mashine yako. Amri ya command -v iptables-restore itakuambia. Utaratibu huu huu unafaa kwa mabadiliko ya anwani ya mtandao na ya mipangilio ya SSH yenyewe. Kwa yeyote anayesimamia seva asiyoweza kuifikia kwa miguu, naona hii ni lazima.

Pale ambapo at si jibu

Si kila jambo la mara moja linahitaji foleni. Kuzima mashine kuna amri yake: sudo shutdown -h 23:30, na ukighairi, sudo shutdown -c. Kumpa fundi wa muda akaunti itakayokwisha tarehe fulani nako kuna njia ya mfumo wenyewe:

sudo chage -E 2026-03-31 fundi

Mfumo ukiwa na tarehe ya mwisho ndani yake, itumie, kwa sababu haitegemei kazi yoyote kutekelezwa.

Kama kazi haina saa maalumu bali unataka tu ifanyike mashine ikiwa haina shughuli nyingi, tumia batch. Ni ndugu wa at: unaipa amri, nayo husubiri hadi mzigo wa mashine ushuke chini ya kiwango fulani, kwa kawaida 1.5. Inafaa kwa kubana mafaili makubwa au kugeuza video.

Mahali ambapo at haipo na huruhusiwi kuiweka, mifumo mingi ya Linux ina systemd-run:

sudo systemd-run --on-active=30m /usr/bin/bash /srv/kazi/nakala.sh

Utaiona kazi kwa systemctl list-timers, na matokeo yake utayasoma kwa journalctl bila kuelekeza chochote kwenye faili. Tofauti kubwa na at ni hii: kazi iliyopangwa hivi haibaki mashine ikizimwa. Umeme ukikatika, imefutika.

Kwa wa Windows na macOS

Windows ina Task Scheduler, na kwenye dirisha la amri unaifikia kwa schtasks:

schtasks /create /tn NakalaShule /tr C:\kazi\nakala.bat /sc once /sd 15/03/2026 /st 02:00

Neno once ndilo linaloifanya iwe ya mara moja. Mpangilio wa tarehe hufuata mipangilio ya nchi kwenye mashine hiyo, kwa hiyo uthibitishe kwa schtasks /query /tn NakalaShule. Usiache kuandika /sd. Ukiandika saa iliyopita bila tarehe, Windows haitaisogeza hadi kesho kama at ifanyavyo. Itakupa onyo tu, na kazi isitekelezwe.

Kuna mambo mengine mawili yanayowaangusha wengi. Kwa kawaida Task Scheduler haianzishi kazi kompyuta mpakato ikiwa inatumia betri, na haitekelezi kazi ambayo saa yake ilipita mashine ikiwa imezimwa. Yote mawili hubadilishwa kwenye sifa za kazi, ndani ya Task Scheduler, kwa kuondoa au kuweka alama. Yapitie kila unapopanga kazi ya maana. Tofauti nyingine na at ni kwamba kazi ikishatekelezwa hubaki kwenye orodha hadi uifute kwa schtasks /delete /tn NakalaShule.

Kwenye macOS amri ya at ipo, lakini kinachotekeleza foleni yake huja kikiwa kimezimwa. Kazi itapokelewa na kukaa tu. Jaribio la dakika mbili nililolitaja mwanzoni litakuonyesha hilo mapema.

Neno la mwisho kwako

Msomaji, usingoje siku ya dharura ndipo ujifunze haya. Leo hii, kwenye mashine unayoisimamia, weka at, fanya jaribio la dakika mbili, kisha uangalie saa na ukanda wake. Kesho fungua cron yako kwa crontab -l na utafute mistari yenye tarehe na mwezi: kila uliokusudiwa kwa siku moja tu na ukasahauliwa humo, ufute kabla haujaamka tena. Kuanzia hapo, kila kazi ya usiku ipewe saa iliyohakikiwa, njia kamili za mafaili, faili la kumbukumbu na ulinzi wa kuchelewa. Kumbukumbu za wagonjwa, alama za wanafunzi na hesabu za wanachama ziko mikononi mwako hata ukiwa umelala. Zipangie kazi zake kwa uangalifu huo.